Departi Iliyoitwa Mukwe

Juzi alikuja kwangu kijana wa kampuni ya umeme, ana kile kikompyuta cha kushika mkononi. Akatazama poto, ile nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba, akatazama ukuta, akabonyeza bonyeza, kisha akanitangazia kama padri anayetangaza ndoa: "Mama, muko ku departi saba."

"Jina yake?" nikamwuliza.

"Jina ya nini tena, Mama? Iko saba tu."

Alipoondoka nilikaa kwenye kizingiti na uchovu ukanishuka ghafla, ule usiotokana na kazi. Saba tu. Baba yangu alishika kabine ya umeme kule Katuba kwa miaka ambayo mimi naona ni mia mbili, na kwake departi ilikuwa na jina, na tabia, na siku zake za kununa. Kuiita saba ingekuwa kama kumwita mtoto wako "huyu wa tatu".

Kwa wale ambao hawakulelewa na mtu wa kuran, yaani wa umeme, departi ni ile kamba nene ya umeme inayotoka kabine, kile kijumba cha matofali chenye transfo ndani, ikaenda kulisha avenue kadhaa. Kabine yetu ilikuwa na departi nne. Zilikuwa na namba zilizoandikwa kwa rangi iliyobanduka, lakini sijawahi kumsikia mtu wa kazi akizitaja. Ya kwanza waliiita Nkambo, babu, kwa sababu waya wake ulizikwa ardhini kabla wao wote hawajazaliwa. Mvua ikinyesha, Nkambo alikohoa, akalala mpaka udongo ukauke. Ya pili ilikuwa Mapasa, pacha: ikitoka tu ukutani iligawanyika pande mbili, na ukiugusa upande mmoja, mwingine unalia. Ya tatu, Mulevi, ilibeba nyumba nyingi kuliko uwezo wake na ilikwenda ikiyumba. Balbu ziliwaka kama jua la saa sita, kisha zikageuka rangi ya chai iliyorudiwa majani mara tatu. Sisi tulikuwa kwa Mulevi.

Ya nne ilikuwa Mukwe. Kwetu mwanamume hasogei ovyo karibu na mama wa mke wake. Hali naye sahani moja, hamkazii macho, akimwona njiani anampisha. Mukwe ilitoka kabine ikaenda moja kwa moja mpaka maternite, hospitali ya uzazi ya masista, bila kulisha nyumba yoyote njiani. Haikukatwa. Haikuguswa. Fundi mpya alipofika, kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi, alionyeshwa Mukwe na kuambiwa aishi nayo mbali.

Nilielewa hayo baadaye sana. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba ndani ya kabine wanakaa watu wanne. Baba alirudi nyumbani, akavua buti, akasema, "Leo Mulevi ametuangusha mara ine," nami nikamwona mzee mwenye shati bila vifungo akipepesuka kati ya mashine. Nkambo nilimhurumia kwa kikohozi chake. Lakini Mukwe nilimwogopa. Nilimchora kichwani mwanamke mkubwa, kanga mbili, ameketi kwenye kiti katikati ya kabine, na baba yangu, mwanamume aliyepanda poto zote za Katuba, akipita mbele yake ameinama.

Siku mama aliponituma kumpelekea baba bukari, ugali wake, kwa kuwa alikuwa na zamu ya siku mbili mfululizo, niliuona ukweli wote. Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mwanamke wala kiti. Palikuwa na kelele kama nyuki milioni, na mikono minne ya chuma ukutani, mmoja wa kukata na kurudisha kila departi.

"Beko wapi?" niliuliza.

"Banani?"

"Mulevi na benzake."

Baba alicheka hadi bukari ikamkaba. Kisha akanionyesha mmoja mmoja, kwa kidole, kutoka mlangoni. Nilipotaka kujua ni waya gani unaopita kwetu, alitoka na mimi hadi barabarani, akaelekeza poto za avenue yetu. "Unaona ile kamba mbili? Ya juu ni Mulevi. Ya chini ni Mukwe, inapita tu, inaenda kwa masista. Sasa sikiliza. Haya inabakia kati yetu. Hata mama yako, usimuambie."

"Juu ya nini nisimuambie, Papa?"

Simu ya kabine ikalia. Akaingia. Sikupata jibu, na mtoto asiyepata jibu hutengeneza lake.

Na jibu langu lilitoka kwenye kongelateri ya mama, friza lake la kugandishia samaki. Ilikuwa kubwa, nyeupe, ingeweza kuzika ng'ombe wawili na mchungaji wao. Mama aliuza makobo, samaki walioletwa na malori kutoka Kasenga ndani ya visanduku vya barafu. Aliwapokea alfajiri, akawapanga ndani kama watoto wa shule, akawauza kidogo kidogo wiki nzima. Nyumba yetu ilisimama juu ya samaki hao. Baba alikuwa na cheo cha kushika kuran, lakini mshahara wake ulikuwa na mwendo wa Nkambo.

Sasa, transfo ilipochemka, baba alilazimika kukata departi moja ili ipumue. Alikata ipi? Karibu kila mara, Mulevi. Ndiyo iliyovuta zaidi. Tena kulikuwa na desturi ya kabine yao: anayeshika mkono wa chuma anaanza na departi anayokaa yeye mwenyewe, mtu asije akasema anapendelea kwake. Kwa hiyo makobo wa mama waliyeyuka, wakaganda, wakayeyuka tena, mpaka jicho la samaki likawa kama jicho la mtu aliyekesha kwenye kilio.

Jirani yetu Mama Feza, aliyeuza makala ya kuwashia jiko na kujua habari za watu wote kabla yao, alipita akichungulia. "Mama wa makobo! Leo samaki yako banaogelea?"

"Banaogelea, dada. Kuja unawe nabo uso," mama akamjibu. Wakacheka wote wawili. Lakini Mama Feza alipoondoka niliona mama akiinua kifuniko, akanusa, akakiteremsha polepole, akabaki ameweka viganja viwili juu yake.

Samaki wa kisanduku cha tatu walipoharibika ndani ya mwezi mmoja, mama na baba walizungumza uani. Sisemi waligombana, walikuwa wamechoka mno kugombana.

"Weye njo unashika kuran ya Katuba muzima," mama alisema. "Na kwako samaki inaoza. Kwenye soko banaanza kuniambia naleta samaki ya jana. Wakinipa jina ile, nimekwisha."

"Nikipendelea kwangu, kesho nani atanisikia?"

"Sikuombi upendelee. Nakuomba masaa sita tu, kuran isiyumbe."

"Kabine iko na departi moja tu isiyoyumba," baba alisema, "na ile haiko yetu." Akainuka kwenda kuoga.

Nilikuwa nachambua mboga ya lengalenga karibu nao na nikaelewa kila kitu vibaya kabisa. Niliona baba anaijua kuran nzuri, inapita mita nne kutoka kwenye dirisha letu, na anamnyima mama kwa sababu anaiogopa Mukwe kuliko anavyompenda mama. Kwangu ilikuwa hesabu rahisi. Ya masista sikuyatia humo. Masista kwa mawazo yangu walikuwa na Mungu moja kwa moja. Watafanya nini na umeme?

Kesho yake baba alipokwenda zamu, nikamvuta mama mpaka chini ya poto. "Mama, ile kamba ya chini, haikatikake. Papa alinionyesha. Njo Mukwe."

Mama alitazama juu akiwa ameziba jua kwa mkono. "Alikuambia unionyeshe?"

"Hapana. Alikataza."

Nasema wazi, hapo alinitazama vizuri. Angeweza kunipiga kofi na mambo yote yangeishia pale. Badala yake akauliza, "Haikatikake hata siku moja?"

Dede, aliyeitwa na mama, alifika saa nne asubuhi, na ngazi yake ya mbao na mfuko wa vipande vya waya. Alikuwa kijana mwembamba aliyefungia watu umeme bila karatasi. Mtaani walimwita Docta, kwa kuwa aliamsha mataa yaliyokufa. Alipopanda, aliugusa ule waya wa chini kwa heshima. "Kumbe iko hapa," alisema. "Miaka yote napita chini yake kama mujinga."

Lo, wiki ile! Nikiwasimulia wanangu hawaamini. Kongelateri ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Barafu ilijaa hadi kifuniko kikahitaji watu wawili kukifunga. Jokofu la sherehe halina barafu hiyo! Makobo walitoka wagumu, ukimgonga mtu nao, anakwenda hospitali. Mama aliimba. Baba alipokuja kulala aliisikia ile kongelateri ikinguruma, akauliza, na mama akamwambia Mulevi ameacha pombe. Alitaka kuamini, nadhani. Alilala na soksi miguuni.

Siku ya nane Mulevi ilikatwa, na avenue yote ikawa kimya ila uani kwetu. Mama Feza alisimama getini na kikapu cha makala kichwani, hakupita.

"Mama wa makobo. Kwako kunawaka."

"Ni bateri," mama akasema.

"Bateri inaungurumisha kongelateri? Dada, batoto bangu nao banapenda barafu." Akainua macho, akaufuata waya wetu taratibu toka ukutani hadi kwenye poto, na kutoka poto hadi ile kamba ya chini. Kisha akaenda nyumbani kwa Dede.

Baada yake alikuja mwenye mashine ya kusaga. Kisha wa kuchomea vyuma. Kisha kanisa moja lenye vipaza sauti vinne. Kila aliyekuja alimwapia Dede kwamba ni balbu moja tu. Nilikuwa naketi kwenye ngazi za nyumba nikihesabu nyaya mpya, na nakiri nilijivuna. Niliona nimeuletea mtaa mwanga. Zilipofika kumi na moja niliacha kuhesabu.

Mukwe ilianguka, umeme wake ukazima, siku ya Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimerudi kutoka shule. Kongelateri ilikohoa, ikanyamaza, na Mulevi haikuwa imekatwa, maana kwa jirani wa upande wa pili redio iliendelea kuimba. Mama alitoka jikoni. Tukausikiliza ukimya ule.

Yaliyotokea kabine baba alinisimulia miaka mingi baadaye. Sista alimtuma mlinzi wao mbio. Baba aliweka fizible mpya, fyuzi ya kulinda waya, ikaungua. Akaweka ya pili, ikaungua. Ya tatu iliungua pamoja na mkono wa chuma. Ukayeyuka ukalia machozi ya shaba ukutani. Mimi nilikuja kuielewa hesabu yake shule ya jioni, mwalimu alipochora ubaoni waya mmoja na mizigo mingi, nikatoka nje kujifanya nakohoa. Baba hakuhitaji ubao. Departi isiyo na nyumba hata moja haiwezi kuzidiwa. Ikizidiwa, kuna nyumba.

Na departi inayoanguka bila sababu, wana wa kazi huifuata kwa miguu, kutoka kabine hadi mwisho wake, poto kwa poto, uso juu. Ndivyo nilivyomwona akija. Alitembea katikati ya avenue jua likiwa utosini, ngazi begani, kofia ya plastiki mkononi, shingo imekunjwa nyuma kama mtu anayetafuta ndege aliyepotea. Pikipiki zilimpigia honi, hakusogea. Kila poto alisimama, akatazama, akaendelea. Nilijua ni kwenye poto ipi atasimama asiendelee. Mama naye alijua.

"Mama, Papa anakuja."

"Mwache akuje," alisema, akafuta mikono kwenye kanga.

Alifika. Alizitazama nyaya zote zilizoning'inia kwenye Mukwe kama nguo za familia kubwa. Akaufuata wa kwanza kwa macho, ule mnene kuliko yote, ukaingia ukutani kwetu. Watu walianza kutoka nyumbani. Mwenye mashine ya kusaga alisema kwa sauti, ili asikike, "Papa Departi, usitukasirikie. Tulifuata tu nyayo za kwako."

"Kweli," akaongeza mwingine, "njia imefunguliwa na bibi yako!"

Baba alimwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi, "Kule kwa masista kuko mutoto mudogo ndani ya kile kisanduku cha joto. Alizaliwa kwa miezi saba. Kisanduku kimezima."

Nilimwona Mama Feza akiweka kikapu chini.

Baba aliiegemeza ngazi, akapanda, akakata. Nyaya zilidondoka moja moja, na kila aliyekuwa na yake aliikunja kimya akaondoka nayo. Alipotelemka alikuwa amelowa jasho hadi kwenye mkanda. Lakini kukata hakukurudisha kitu. Mkono wa Mukwe ulikuwa umeyeyuka, na mpya ungetoka depo ya mjini, na depo ilisema kesho. Baba aliweka ngazi begani.

"Nani alikuambia iko ya chini?" alimwuliza mama.

Nilifungua mdomo. Mama alinibana bega kwa nguvu, nyuma, mahali ambapo haonekani.

"Nina macho," alisema.

Baba alinitazama mimi, si yeye. Kisha akarudi kabine. Wiki iliyofuata alimwambia mkuu wake kwamba siri ilitoka nyumbani kwake, basi. Hakutaja kwa mdomo wa nani. Walimtoa kwenye kabine wakampeleka kuchimba mitaro ya kebo, na alichimba mitaro hadi mgongo wake ulipokataa. Sikuwahi kumsikia akilaumu mtu. Nilisikia tu, jioni, jinsi alivyokaa kitini kwa vipande, kwanza mkono, halafu nyonga, halafu pumzi.

Alasiri ya Alhamisi ile mama alifungua kongelateri ikiwa bado na barafu nusu, akatoa makobo wote. Wote, hata wale waliokuwa wamekwisha kuagizwa. Aliwasha mbabula tatu, majiko ya makala, uani. Mama Feza alikuja na gunia la makala bila kuitwa, akaketi akaanza kuparua magamba, na wanawake hao wawili wakafanya kazi pasipo utani hata mmoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla. Jua lilipoanza kupoa tulibeba sufuria hadi maternite, mama, Mama Feza na mimi.

Sista wa mlangoni alikuwa mfupi, miwani imemteleza puani. Alitazama samaki, akamtazama mama. Nadhani alijua, mitaa yetu haina siri zaidi ya saa mbili.

"Sista, tumeleta chakula kwa bamama," mama alisema. "Na mutoto?"

"Eko," sista akasema. "Ingieni polepole."

Chumba kilikuwa na madirisha makubwa na mwanga wa machweo. Kisanduku kilisimama pembeni, kitupu. Mama wa mtoto alikuwa amelala, amechoka kama mtu aliyetolewa mtoni. Kwenye benchi walikaa wanawake wanne waliokuja kujifungua au kusindikiza wengine, na yule wa mwisho alikuwa amefungua blauzi, na kifuani mwake, chini ya kitambaa, kulikuwa na kitu kidogo kuliko samaki wetu mdogo. Toka mchana walikuwa wakipokezana kumpa mtoto joto. Anayechoka au kuona baridi anampa mwenzake. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo zaidi ya mara moja.

"Nimemaliza zamu yangu," yule wa mwisho alisema, akitazama huku na huku. "Nani anapokea?"

Wale watatu walikuwa wameanza kula.

Mama alinipa kifuniko cha sufuria nishike. Akasogea, akanawa mikono kwenye beseni, mara mbili, akainusa, akanawa tena. "Nanuka samaki," akamwambia sista.

"Yeye hajui samaki ni nini," sista akasema.

Mama akaketi. Akafungua vifungo vya blauzi yake, wakamwekea mtoto yule, akamfunika kwa kitambaa na juu yake kanga, kisha viganja viwili. Alikaa hivyo mpaka giza likaingia na sista akaleta kandili. Mama Feza aliniambia twende nyumbani, baba atakuta mlango umefungwa. Nilimwuliza mama kama anakuja.

"Nenda upikie papa yako bukari," alisema bila kuinua macho. "Mwambie mutoto eko na joto. Mwambie nitakuja kesho, kuran ikirudi."